Mume wa Wajawazito Arobaini na Mmoja

Ukiyaamini madaftari ya kliniki, Sostenes wa kijiwe cha bodaboda cha Kalangalala alikuwa na wake arobaini na mmoja, wote wajawazito, wote ndani ya miezi kumi na minane. Watemi wa zamani wenye ng'ombe wasiohesabika hawakufika huko, na wale walikuwa na muda. Ajabu zaidi, mtu mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa Ushirombo, kafunga ndoa kanisani mbele ya padri na mashahidi, na rozari kaizungusha kwenye usukani wa pikipiki. Mke wake wa kweli, Elieth, naye alikuwa mjamzito. Katika wale arobaini na mmoja, yeye hakuwamo.

Sostenes hakuzaliwa mume wa watu. Alizaliwa mtoto wa tano wa mkulima wa pamba, akatumikia altareni, akamaliza darasa la saba, akaja Geita kutafuta dhahabu kama kila kijana ambaye jembe lilimchosha kabla hajalishika. Miaka miwili alishuka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na miaka miwili akapanda na kile kile alichoshuka nacho, ukiongeza kikohozi. Baba yake akauza ng'ombe wawili, ikapatikana pikipiki. Mungu alimnyima dhahabu lakini alimpa uso. Kuna wanaume hata ukiwavisha suti wanaonekana wameazimwa. Sostenes, hata akiwa na koti la mvua lililochanika, alionekana ana mke, watoto na maoni.

Uso huo ulikutana na karatasi. Zahanati moja ya kule kwenye machimbo ilikuwa imebandika mlangoni tangazo kwamba mjamzito afike na mwenza wake, na asiye na mwenza atasubiri. Karatasi haikusema atasubiri nini. Nia yenyewe ilikuwa njema, mke na mume wapimwe damu pamoja, washauriwe pamoja. Lakini aliyeiandika alikuwa ameisahau nchi aliyomo. Mume wa huyu yuko chini ya ardhi, wa yule analala chini ya lori pale Isaka akingoja mzigo, wa mwingine amesema kliniki ni mambo ya kike, na wa mwingine tena ni mume kweli, ila ni wa mwanamke aliyeko Kishapu. Wanawake wakawa wanakaa kwenye benchi hadi saa saba mchana, wanarudi nyumbani na tumbo lao, hawajaguswa na mtu.

Wa kwanza alikuwa mama ntilie aliyempikia Sostenes kila siku. Alimwomba aingie naye dakika tano tu. Sostenes akaingia, akakaa, akatobolewa kidole, akaitwa baba, akatoka. Habari njema haihitaji redio. Mwezi haukuisha kijiweni pakawa na shati la bluu, limepigwa pasi na kutundikwa kwenye msumari, na wenzake wakaliita shati la ndoa. Mwanamke akifika, Sostenes analivaa, njiani anaambiwa jina la mkewe wa siku hiyo, analikariri hadi mlangoni, na akishalipwa analisahau. Alitobolewa kidole mara nyingi kuliko mgonjwa wa sukari. Afya yake ilijulikana kuliko ya mtu yeyote katika mkoa mzima.

Nesi wa zahanati ile, Agnetha, hakuwa kipofu. Mtu anayekuja Jumatatu na mke mnene na Alhamisi na mke mwembamba, utasema labda mke amekonda? Lakini daftari lilikuwa na safu ya mwenza, na safu hiyo wakubwa waliipenda ijae. Ikajaa. Zahanati ikapewa cheti cha kushirikisha wanaume. Wakakitundika ukutani, juu kidogo ya ile karatasi.

Sasa palikuwa na swali moja kati ya maswali mengi. Je, mama anatumia dawa nyingine yoyote? Agnetha alilelewa vizuri, na kwa malezi ya kwao, mume akiwa ameketi, huwezi kumruka ukamwuliza mkewe. Alimwuliza mume. Sostenes naye alilelewa vizuri, na kwa malezi ya kwao, mwanamume akiulizwa habari za nyumbani kwake hasemi sijui. Alisema hapana. Ilikuwa hapana nzito, tulivu, ya mwenye nyumba. Agnetha aliiandika. Mara arobaini na moja iliandikwa, na mwanamke ameketi pale pale, ana kinywa, ana meno, ana ulimi.

Huko nyuma hakuna aliyejali. Nani alikuwa anayasoma madaftari ya kliniki? Mchwa. Lakini dunia imegeuka. Walikuja wataalamu na vishikwambi vyao, wakaeleza katika hospitali ya huko mjini jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angeliuliza zamani. Dawa nyingi zikitengenezwa hazijaribiwi kwa wajawazito, maana nani atathubutu? Kwa hiyo watu wanakuja kujua kama dawa ni salama kwa mtoto wa tumboni baada ya wanawake kuwa wameshaimeza. Njia iliyobaki ni kukusanya yale ambayo tayari yameandikwa, kadi za kliniki, daftari la dawa, daftari la wazazi, kuyaunganisha, kisha kutazama: aliyemeza hiki alizaa nini, na asiyemeza je. Kazi ya maana kabisa. Ina shida moja tu, kwamba inategemea kilichoandikwa kiwe kweli.

Majina huku hayana msaada. Mwanamke mmoja ana jina la ubatizo, la nyumbani, la mtoto wake wa kwanza, na la siku anayotaka asijulikane. Wataalamu wakaunganisha kwa namba za simu. Na namba iliyoandikwa kwenye safu ya mwenza, mara arobaini na moja, ilikuwa ya Sostenes. Inasemekana kompyuta iliona kwanza mwanamke mmoja mwenye mimba arobaini na moja, na kijana mmoja msomi akakaa siku mbili akitafuta maelezo ya kisayansi.

Aliyepata maelezo ni nesi wa mradi huo, Euphrasia, mwanamke wa Bukombe asiyehitaji kompyuta kumjua mwanamume. Alipiga ile namba. Alimweleza Sostenes kwa upole kwamba hana haja na kesi wala polisi. Haja yake ni mwanamke mmoja. Katika daftari la kliniki ya kifafa kulikuwa na mama aliyechukua vidonge, akaacha namba hiyo hiyo na jina ambalo halipo popote pengine. Vidonge vile ni vya aina inayojulikana kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na daktari angetaka kumbadilishia mapema. Lakini kwa upande wa wajawazito, wake zake wote wameandikwa hawatumii dawa yoyote. Je, baba anajua ni yupi?

Baba alisema namba wamekosea, akakata simu.

Jioni ile alirudi nyumbani mapema, jambo lililomshtua Elieth kuliko mimba. Moyoni Sostenes alikuwa amekumbuka kwamba naye ana mke, na mke ana mimba, na hajawahi kuona kadi yake. Aliiomba. Elieth alimpa huku akiendelea kuchambua mchele. Sostenes akasoma, akafika kwenye safu ya mwenza, akakuta jina la Wilbard. Wilbard ni mwenzake wa kijiweni, anaegesha pikipiki upande wa kulia wa ya kwake. Kwenye zahanati ya mtaani kwao nako kulikuwa na karatasi mlangoni.

Sostenes akataka kujua, kwa sauti ya mwenye nyumba, Wilbard amekuwa mume wa nani.

"Wangu," Elieth alisema. "Wewe siku hiyo ulikuwa na kazi. Ulikuwa mume wa watu."

Akaendelea kuchambua. Kisha, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, akamweleza kwamba nesi aliuliza habari za dawa. Yeye alikuwa na vidonge vyake vya vidonda vya tumbo alivyonunua dukani, alitaka kuuliza kama vina madhara kwa mtoto. Wilbard akasema hapana, hana dawa anayotumia. Nesi akaandika, swali likapita. Hata leo hajui kama aendelee navyo au aviache.

"Wilbard anajua nini kuhusu tumbo lako?" Sostenes akauliza, na hasira yake ilikuwa ya kweli kabisa.

Elieth alimtazama tu, akamtazama mpaka mwenyewe akasikia alichokisema. Wengine hufikiwa na akili kwa shule, wengine kwa mahubiri. Sostenes ilimfikia kwa wivu, lakini ilifika. Asubuhi alimpigia Euphrasia, akamsomea jina la vidonge vya mkewe herufi kwa herufi, akaambiwa amlete Elieth vitazamwe. Kisha akasema atakwenda kuhusu yale mengine.

Alikwenda bila shati la bluu. Euphrasia alimweka mezani na orodha, wakaanza na mke wa kwanza. Mtu aliyesahau majina arobaini na moja hawezi kusaidia sana, lakini mwendesha bodaboda hakumbuki watu kwa majina, anawakumbuka kwa mahali. Huyu alimchukua karasha ya chini, kwenye mashine ya kusaga mawe, yule kwenye kona ya kanisa, huyu alitapika mara mbili kabla ya daraja. Walifika wa ishirini na sita. Hapo Sostenes aliweka kidole kwenye orodha, hakukiondoa. Euphrasia alimwuliza kulikoni, naye akaeleza akiwa anatazama kalamu badala ya uso wa mwenziwe.

Yule alimchukua kwenye mwalo, mahali wanawake wanaposafisha mchanga wa dhahabu, upande wa Mto Mdogo. Wakati wa kwenda alimpa jina tu. Wakati wa kurudi alimwomba asimamishe pikipiki njiani. Aliteremka, akamwuliza kwa nini alisema hapana. Sostenes akacheka, akamjibu kwamba alitaka aseme nini, kwani yeye ni mumewe? Mwanamke akapanda tena.

"Miezi miwili sasa," Euphrasia alisema. "Mungu akutangulie, kaka. Nenda ukamtafute. Na sikiliza: usimwambie aache vidonge. Akiviacha ghafla anaweza kuanguka, na huko ni hatari kwake na kwa mtoto. Mwambie aje tu."

Mwaloni Sostenes alifika saa nne asubuhi. Alidhani atauliza kimyakimya. Hakujua kwamba katika wanawake wale kumi na tano, saba walikuwa wake zake.

Walimwona kabla hajazima pikipiki. Mmoja akaweka karai chini na kutangaza kwamba mume wetu amekuja, wanawake jipangeni. Wa pili akataka kujua leo analala kwa nani, maana kwake zamu haijawahi kufika. Wa tatu, ana mtoto mgongoni, akamgeuza mtoto amwone baba yake, na akauliza matumizi ya nyumbani yako mfuko upi. Sostenes alisimama katikati yao kama kuku aliyeingia sokoni kwa miguu yake mwenyewe. Mkubwa wao, Bernadina, mwanamke aliyezika waume wawili na kubaki na nguvu ya wote, ndiye aliyewanyamazisha.

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo," Sostenes alisema, akatia na Kisukuma ili aonewe huruma.

"Marahaba, mkwe. Umemfuata yupi katika hawa?"

Alipoeleza alikomshusha na siku, kicheko kilikufa. Walitazamana. Bernadina alimchukua pembeni, nyuma ya magunia ya mchanga, na hapo alikaa mwanamke mwembamba, tumbo limeanza kusimama, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Aliitwa Sikujua. Mume wake wa kweli ni Mwita, mchimbaji, mtu wa maneno machache, na habari ya kifafa hakuwa nayo, maana Sikujua aliolewa akiwa amekaa miaka mitatu bila kuanguka, na vidonge alikuwa anavihifadhi ndani ya kopo la unga wa mbegu za maboga. Huku, mwanamke mwenye kifafa watu hawamwulizi anaumwa nini. Wanauliza nani kwao amelaani. Ndiyo maana kliniki alikwenda na mume wa kukodi. Ndiyo maana kliniki ya kifafa, walipomwomba namba ya ndugu, aliisoma ile iliyoandikwa kwenye kadi, kwa kuwa haikuwa ya mtu yeyote aliyemjua.

Mkono ulikuwa umekatwa na jiwe la karo, lile shimo la maji ya kuoshea mchanga, Jumanne iliyopita. Jirani aliyewahi kufagia duka la dawa, kwa hiyo daktari, alimwambia vidonge vile vinamla mtoto. Sikujua akawa anavikata nusu, kisha robo. Jumanne akapotewa na fahamu akiwa amesimama ukingoni mwa karo ya maji, na Bernadina akamdaka kwa kitenge kabla kichwa hakijaingia. Wenzake waliambiana ni jua.

Sostenes alimweleza kwamba nesi anamwita. Sikujua alimsikiliza hadi mwisho.

"Nikipunguza naanguka. Nikimeza namla mtoto," alisema taratibu. "Wewe ulinijibia siku ile. Nijibie na leo. Nifanye lipi?"

Katika ndoa zake zote Sostenes hakuwahi kukosa jibu. Aliangalia viatu vyake. Akasema hajui, na kwamba siku ile pia hakuwa anajua.

Bernadina akasema hilo ndilo neno la kwanza la akili kutoka kwa mwanamume tangu karo hii ichimbwe, na kwamba mwali ataondoka sasa hivi, mchanga wake watausafisha wao. Sikujua akauliza Mwita ataambiwa nini. Bernadina akamjibu kwamba Mwita ataambiwa na mkewe, akirudi, akiwa anajua la kumwambia. Kumpelekea mtu nusu ya habari ni kumpelekea uongo.

Walipofika hospitali, Sostenes kwa mazoea alimfuata hadi mlango wa chumba, akaweka na kifua mbele. Euphrasia alimshukuru kwa kumfikisha mama salama, akafunga mlango, yeye yuko nje.

Ndani, Sikujua aliulizwa yeye. Anameza nini, tangu lini, mara ngapi, alianza lini kukata nusu, na hedhi ya mwisho aliiona wakati gani. Hakuna aliyemharakisha. Daktari akaja, kijana wa kutosha kuwa mdogo wake, akampima na kumpiga picha ya tumbo. Alimweleza kwamba dawa itabadilishwa kidogo kidogo, si kwa siku moja, na kwamba asikae tena ukingoni mwa maji hadi waone inamkaa vipi. Mtoto kwa leo anaonekana sawa, mgongo na moyo. Mengine hayaonekani kwenye picha, mpaka azaliwe, akue, wamtazame akitembea na kusema. Hakumwongopea. Sikujua alishukuru hilo kuliko ile picha.

Kisha akamwuliza Euphrasia jambo. Humo kwenye kompyuta yao, wanawake kama yeye, waliomeza vidonge hivi na kuzaa, ni wangapi? Watoto wao wakoje?

Euphrasia alisema kwa huku kwao ni wachache mno kuweza kusema kitu. Si kwamba hawapo. Wapo, ila wengi wameandikwa hapana. Na akiandikwa hapana aliyemeza, akizaa mtoto mwenye tatizo, kompyuta inasema mtoto yule hakuguswa na dawa yoyote. Akizaa mzima, nako hakuna anayejua kwamba alimeza na mtoto akapona. Mwanamke anayekuja baada yake anaanza na ujinga ule ule.

Nje alisikika mtu akikohoa kikohozi cha duara.

"Basi ufute," Sikujua alisema. "Niandike upya, Sista. Sikujua binti Kamili. Ninaumwa kifafa. Mume wangu ni Mwita, na hajui bado, atajua leo."

Euphrasia alifungua ukurasa mpya, akaanza na swali la kwanza. Yalikuwa mengi, na safari hii kila moja lilikuwa na majibu mawili matatu, na mengine yalihitaji kufikiriwa, na moja lilihitaji kulia kidogo. Walimaliza saa nane mchana. Muda wote huo Sostenes alikuwa juani, juu ya kiti cha pikipiki, abiria wanampita, na hakuna aliyemwuliza kitu.